Benchi Lachagua Laptopu

Benchi letu lina miguu minne, mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Limeegemea kibanda cha fundi viatu, kwa hiyo kahawa yetu inanukia gundi tangu asubuhi, na sisi tuliozoea tukinywa ya nyumbani tunaona imepungukiwa kitu. Ng'ambo ya barabara kuna duka la kompyuta lenye kioo kikubwa, ambamo tunajiangalia bure. Kahawa anatuuzia Mama Birika, mwanamke ambaye kicheko chake hukioni mpaka ulipe deni la jana. Wenye benchi ni hawa: Kilo, mwenye bucha, Sailensa, fundi pikipiki, aliyezibwa masikio na kelele za kazi na sasa anaongea kana kwamba sote tuko ng'ambo ya mto, na Seva, mzee aliyelinda mlango wa chumba cha kompyuta katika ofisi moja kubwa mpaka akastaafu bila kuingia ndani hata mara moja, na kwa sababu hiyo ndiye mtaalamu wetu wa kompyuta. Mimi nakaa mwisho, juu ya tofali. Na siku hiyo Pindo, fundi cherehani wa sare za shule, alikuja amepakata mfuko wa buluu kama mtu anayetoka na mtoto kliniki.

Lazima nieleze sheria ya benchi, la sivyo hamtaelewa. Mwanabenchi hanunui kitu cha maana mpaka kitu chenyewe kikalishwe benchini na kila mtu akipime kwa ujuzi wa kazi yake. Friji ya Sailensa ilipitishwa hapa. Leo anatunzia spana humo. Mchumba wa Mama Birika alipitishwa hapa pia, na ndiyo maana siku hizi anatumiminia nusu kikombe.

Kwa hiyo binti wa Pindo alipoitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa programu, laptopu yake nayo ilikalishwa benchini. Kilo aliipima kwenye kiganja kama paja la ng'ombe, akaitikisa kidogo, akasema hii ina nyama. Sailensa aliibandika sikioni ikiwa inawaka, akafumba macho, akasema injini inapumua kwa kifua. Seva aliigusa tumboni kwa mgongo wa mkono, kama anayempima mtoto homa, akasema joto hilo ni la akili inayofanya kazi. Pindo mwenyewe alipitisha ukucha kwenye maungio yote, hakuona penye kufumuka. Tukaipitisha kwa kauli moja. Pindo akaenda kuishonea mfuko huo wa buluu, wa kitambaa cha sare, mshono mara mbili, bitana ya ndani laini kuliko shuka ninalolalia mimi.

Sasa laptopu imerudi. Binti alikuja nyumbani mwisho wa wiki, akazungumza na baba yake, kisha akarudi chuoni na kuiacha kitandani ndani ya mfuko wake. Pindo kaenda dukani ng'ambo, kabembeleza mpaka mwenye duka akalegea. Atabadilishiwa, lakini mara moja tu, na iwe kabla mlango wa duka haujashushwa leo. Kesho, alisema mwenye duka, mimi na wewe hatujuani. Na binti ana mradi wa kukabidhi. Asipokuwa na mashine ya kufanyia kazi, mwaka huu anaurudia wote.

Mtu mwingine angechagua palepale. Pindo alivuka barabara akaja kwetu.

— Zipo tatu, alisema, akiuweka mfuko katikati ya benchi. Nyeusi nene, ya fedha nyembamba, na ile nyekundu ya pembeni. Mnaziona kutoka hapa. Niambieni.

Tukaziona. Tukajiweka sawa kwa heshima, kama watu walioitwa kutoa jina la mtoto.

Kilo alianza, maana yeye huanza hata pasipo na kitu. Akasema ile ya fedha asiguse, ile ni mfupa. Mhandisi ni mtu wa madaraja na vyuma, huwezi kumpa chombo ambacho upepo wa mlango unaweza kukipeperusha. Nyeusi ndiyo sawa na ile ya kwanza, tena inaonekana imenona zaidi.

— Lakini hiyo si ndiyo atakayobeba mgongoni kila siku? Mama Birika aliuliza.

— Mama, wahenga wamesema mchagua jembe si mkulima, alijibu Kilo. Ndiyo maana tunamchagulia sisi.

Mama Birika akageukia moto wake.

Sailensa naye alikubali nyeusi, ila kwa sababu zake. Akaeleza, mpaka wapita njia wakageuka, kwamba mashine isiyo na sauti ni ya kuogopwa. Pikipiki inayonguruma unajua iko wapi na inataka nini. Iliyonyamaza inatunza hasira. Na hizo nyembamba ndizo zinazonyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema. Siku moja mtoto wa watu anaandika zake kwa utulivu, unasikia paa la bweni limehama.

— Na hiyo ya kwanza ilikuwa na sauti, akaongeza. Mimi niliithibitisha.

— Sauti ilikuwapo, alikubali Pindo, na uso wake ukang'aa. Wewe, akiiwasha darasa zima linageuka. Siku moja mwalimu mwenyewe alisimamisha somo, akaikodolea macho, akangoja mpaka itulie ndipo akaendelea.

— Unaona heshima hiyo? alisema Sailensa.

— Tena ana kiti chake maalumu. Nyuma kabisa, ukutani, penye soketi. Anaamka alfajiri kukiwahi, maana asipokaa hapo haiwaki.

Kilo akasema watu wakubwa wote huegemea ukuta. Hata yeye buchani kwake ameegemea ukuta.

Wakati huo alikuja mtu tusiyemjua akirukaruka kwa mguu mmoja. Kiatu chake kimoja kilikuwa kwa fundi, soli imeachama. Mguu wa pili ulikuwa na soksi iliyotoboka, kidole gumba kikichungulia nje kama jirani mbea. Akaomba pa kukaa. Kilo akasogea, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, karibu, ila ukiegemea huko utadondoka. Mama Birika akampa kikombe. Mgeni akakishika kwa mikono miwili, akasikiliza.

Ikafika zamu ya Seva. Seva hana haraka. Aliyelinda mlango mmoja maisha yake yote amejifunza kwamba watu watafika tu. Akakohoa. Akasema nyinyi mnabishana uzito na sauti, lakini adui wa kompyuta ni joto. Kule ofisini baridi ilikuwa inapita chini ya mlango, yeye amekaa nje na koti mwaka mzima, na wenzake wa geti wanatokwa jasho. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta ikipata joto inasahau. Nyekundu itoke kwenye orodha, rangi nyekundu inavuta jua.

— Mara ya kwanza si ulisema joto ni akili? nikamuuliza.

— Joto la kwanza ni akili, alisema Seva bila kupepesa. La pili ni usahaulifu. Hata kwa binadamu.

Kila mmoja wetu hapo alimfikiria mtu fulani, tukakubali.

Akaendelea. Akasema jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kompyuta hujifunza kwa kukaa na watu. Ile iliyowekwa mbele kabisa ya kioo imeona barabara hii tangu iletwe: imetuona sisi, imesikia tunayojadili, hiyo ina uzoefu. Iliyokaa nyuma ya duka ni mshamba. Tena ajihadhari na anayeiwasha mara ya kwanza. Ikiwashwa na muuza duka, itakuwa na akili ya duka, mtoto akiiomba programu yenyewe itamtajia bei. Yeye aliwahi kusikia, kwa masikio yake, kupitia mlangoni, kompyuta za ofisini zikisemezana mchana kutwa, ngr, ngr, ngr, na kesho yake mambo ya kila mfanyakazi yakawa yanajulikana.

— Na mlikuwa mnamfukuza nani kazini kwa ushahidi huo? nikauliza.

— Hayo siyajui. Mimi nilikuwa mlangoni.

Basi nyeusi ikawa inaongoza, maana ndiyo iliyokuwa mbele ya kioo. Aliyebaki alikuwa Pindo mwenyewe, na Pindo akaitoa sababu yake kwa aibu kidogo. Akavuta tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni, akaupima mfuko wa buluu upana na kina, mbele yetu, kama vile alikuwa hajaupima asubuhi nyumbani.

— Nilipoingia pale dukani nilizipima zote tatu, alisema. Nyeusi inaingia humu kama imezaliwa humu. Ya fedha itaogelea. Ile nyekundu itabana hapa kwenye zipu.

Tukapumua. Hiyo ilikuwa sababu ya kitaalamu. Huwezi kutupa mfuko wa mshono mara mbili.

Kilo, aliyependa kumaliza mambo kwa nasaha, akasema shida ni watoto wa siku hizi. Unawapa paja, wanataka maini. Benchi zima limekaa, limepitisha, yeye anarudisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mwanangu hana makuu, alisema Pindo. Hakulalamika hata kidogo. Aliukunja waya wake vizuri, akafunga zipu, akaniambia asante baba kwa mfuko. Na chuoni wanampenda. Kwenye kundi lao la mradi kila mtu kapewa kipande chake. Mmoja anatengeneza hiki, mwingine anatengeneza kile, mambo ya ndani ndani huko. Yeye wamempa jalada.

— Jalada lote?

— Lote. Ataandika kichwa cha mradi, ayapange majina ya wenzake, aweke na tarehe. Anasema mashine yake inaliweza hilo bila taabu.

Seva aliguswa. Akamshika Pindo mkono, akautikisa. Akasema watu husema nyumba njema si mlango, lakini hao hawajawahi kulinda mlango. Mwalimu ataona nini kwanza? Jalada. Ndani huenda hata asifike. Kilo akaagiza kahawa kwa benchi zima, jambo ambalo hutokea kwa nadra sawa na mbuzi kupiga mswaki.

Mama Birika akazunguka akimimina. Sisi akatupa nusu, kama kawaida yake. Alipofika kwa Pindo alijaza kikombe mpaka ukingoni. Kisha akapita.

Mgeni alikuwa ameacha kunywa. Alimtazama Pindo, akatazama mfuko, akatazama kidole chake kinachochungulia.

— Samahani wazee wangu, alisema. Ile ya kwanza ina ubaya gani?

Nyuma yetu nyundo ya fundi viatu ilikuwa inagonga. Ikagonga, ikagonga, tukaisikia yote.

— Imerudishwa, alisema Kilo.

— Nimesikia. Imerudishwa kwa nini?

Kilo akamgeukia Sailensa. Sailensa, ambaye mara zote husingizia masikio, safari hii alikuwa amesikia vizuri, akaanza kukuna grisi kwenye kucha. Seva akatazama mlango wa duka, kwa mazoea. Mimi niliangalia chini nikaona tofali langu lina ufa. Alasiri nzima tumezipima laptopu tatu kwa kilo, kwa sauti, kwa baridi, kwa rangi na kwa tepu, na hapa amekaa mtu mwenye kiatu kimoja ametuacha sote peku.

— Alinieleza, alisema Pindo.

Tukamgeukia sote kwa pamoja. Wallahi nilifurahi. Nikasema moyoni, kumbe jibu lipo, linakuja.

— Jumapili, akaendelea. Alianza kwa kuzima redio yangu. Akakaa kwenye kile kigoda ninachowasimamishia watoto nikiwapima urefu. Akanieleza pole pole, hatua kwa hatua, mpaka akachukua chaki yangu akachora kwenye kitambaa. Visanduku. Mishale inatoka hapa inakwenda pale. Akaniuliza, baba umenielewa?

— Ukamjibuje? aliuliza mgeni.

— Nikamwambia ndiyo, mama.

— Halafu?

— Akaendelea kunieleza. Nikamwambia ndiyo, mama. Ndiyo.

— Sasa ndugu yangu, alisema mgeni kwa upole, alisemaje?

Pindo alizungusha tepu kwenye kidole mpaka ncha ya kidole ikawa nyeusi.

— Sikushika hata neno, alisema. Nilikuwa nangoja amalize nije niwaulize nyinyi.

Mgeni hakucheka. Alisema tu, mpigie. Na hilo pia hakuna aliyekuwa amelifikiria, ingawa simu ya Pindo ilikuwa mfukoni mwa shati lake muda wote, imetuna kama andazi. Ile simu haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo benchi lote lilihudhuria.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mama. Hujambo. Niko dukani hapa.

Tukatazama ng'ambo ya barabara, kule alikosema yuko. Mwenye duka alikuwa ametoka nje, anachukua ile fimbo yake ya kuvutia mlango.

— Ee baba.

— Ile laptopu... hebu nieleze tena, mama.

Nyuma ya binti palikuwa na sauti za vijana. Mmoja alikuwa anauliza kama jalada limekwisha, na jina lake lisisahauliwe. Binti akamjibu kwamba limekwisha. Kisha akarudi kwa baba yake.

— Nilikueleza, baba.

— Ndiyo, mama.

— Ukasema umenielewa.

— Ndiyo, mama.

Ikawa kimya. Si kimya cha simu kukatika, kile kingine. Sailensa, mwenye nadharia yake juu ya kimya na mshindo, alikuwa ameinamia simu kuliko sisi wote.

— Chukua yoyote baba, alisema binti. Ya kuandikia jalada, yoyote inatosha. Wasalimie wazee wa kijiweni.

Akakata kwa adabu, baada ya kungoja kidogo kama baba yake ana la kuongeza.

Halafu Kilo akajipiga paja.

— Mmesikia? Amesema yoyote.

Na hapo, jamaa zangu, benchi likafufuka. Kilo akasema yoyote maana yake nyeusi, kwani kama angetaka ya fedha angesema. Sailensa akasema mtoto kakubali, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekubali. Seva akasema ni malezi mazuri, watoto wangapi leo wanatuma salamu kwa wazee? Waliposikia fimbo ya mwenye duka ikigonga chuma, wote watatu wakasimama. Kilo akaitoa laptopu ya kwanza kwenye mfuko, akaibeba kwapani, wakavuka barabara wakimwita mwenye duka asubiri kidogo, wanakuja wataalamu.

Fundi viatu akatoa mkono dirishani na kiatu. Mgeni akakivaa, akakikanyaga mara moja kuhakikisha. Akamlipa Mama Birika, akampa Pindo mkono, akaenda zake kwa miguu miwili.

Tukabaki mimi na Pindo, na benchi likapinda upande wetu. Yeye alikuwa na mfuko mtupu mapajani. Akatoa mfukoni kile kiwembe chao mafundi cherehani cha kufumulia, akaanza na kona. Ule mshono mara mbili unafumuka kwa taabu. Alikuwa anachomoa uzi mmoja mmoja na kuupulizia chini.

— Unafumua ya nini, ndugu yangu? nikamuuliza. Si wamekwenda kuleta nyeusi, na nyeusi inaingia humo?

— Amesema yoyote, alijibu. Yoyote haina kipimo.

Mimi kazi yangu ni kusema. Watu hunikodi kwenye sherehe zao nisiruhusu kimya kikae hata kwenye kiti cha nyuma. Nikatafuta kichekesho cha kumpa, nikatafuta, nikaishia kumnyooshea Mama Birika kikombe. Akaliinamisha birika. Likatoa machicha.

Ng'ambo, nyuma ya kioo, Sailensa alikuwa ameibandika ile nyeusi sikioni, amefumba macho. Seva aliipapasa tumboni. Kilo akaichukua, akaipima kwenye kiganja, akaitikisa kidogo, kisha akaiinua juu ili tuione, akatuuliza kwa kichwa kama ndiyo hii.

Pindo hakuinua macho kutoka kwenye mshono.

— Ndiyo, alisema. Ndiyo.